Kutumia Vyema Kipindi cha Majaribio cha Programu ya Uhuishaji: Mwongozo kwa Anayeanza

Siku za majaribio huanza kuhesabiwa pale unapobofya kitufe, hata kama wewe mwenyewe hujawa tayari. Wengi wanaoanza uhuishaji hawalizingatii jambo hilo: hujisajili jioni moja kwa shauku, hufungua programu, hushangazwa na wingi wa vitufe, huifunga wakijiahidi kurudi, na wanaporudi hukuta zimebaki siku mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza kipindi kizima kwa namna hiyo, kwani nilisakinisha programu kabla sijajua ninachotaka kuchora, nikatumia siku tano za mwanzo kubuni mhusika ambaye ningeweza kumbuni kwa penseli na karatasi bila kupoteza siku hata moja. Mwongozo huu umepangwa kutokana na kosa hilo. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla ya kujisajili, na inayobaki inafanyika kwa mpangilio utakaokuwezesha kujibu swali moja kabla muda haujaisha: je, programu hii inakufaa?

Hatua ya kwanza: amua aina ya uhuishaji

Uhuishaji una njia kadhaa, na programu iliyo bora kwa njia moja inaweza kuwa mzigo kwa nyingine. Njia ya zamani zaidi ni ya kuchora kila picha kwa mkono, ambapo mwendo huzaliwa kutokana na tofauti ndogo kati ya mchoro mmoja na unaoufuata. Njia ya pili ni ya vipande: mhusika huchorwa mara moja, viungo vyake vikatenganishwa kama vya mwanasesere, kisha vikafungwa kwenye mifupa isiyoonekana na kuzungushwa. Njia ya tatu ni ya pande tatu, ambapo mhusika hufinyangwa ndani ya kompyuta na kupigwa picha na kamera ya kubuni. Kuna pia kazi ya kuhuisha maandishi, nembo na michoro ya maelezo, ambayo haina mhusika hata mmoja.

Harmony, ambayo hutengenezwa na kampuni ya Toon Boom ya Montreal nchini Kanada, inaunganisha njia ya kwanza na ya pili, na kipindi chake cha majaribio ni siku 21. Moho, ambayo zamani iliitwa Anime Studio, imejengwa juu ya mfumo wa mifupa na hutoa siku 30. Anayehuisha maandishi na nembo huelekea zaidi kwenye After Effects ya Adobe, kampuni ambayo kwa kawaida hutoa siku 7 tu. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo thibitisha idadi ya siku kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe siku utakayoamua kujisajili.

Kabla hujaenda mbali, jiulize kama utaweza kulipa majaribio yakimalizika. Kama jibu ni hapana, sioni sababu ya kujifunga kwenye programu itakayokufungia mlango baada ya wiki tatu. Blender, ambayo msimbo wake uliwekwa wazi kwa umma mwaka 2002, hutolewa bure bila kikomo cha muda, na licha ya kujulikana kwa kazi za pande tatu, ina zana iitwayo Grease Pencil inayokuwezesha kuchora michoro ya kawaida ya bapa. Krita ni ya bure na ina uwezo wa kuhuisha michoro ya mkono. OpenToonz, iliyowekwa wazi mwaka 2016, ilitokana na programu ya Toonz iliyotumiwa na Studio Ghibli ya Japani. Hizi si programu za kujipoza nazo unapokosa fedha. Wapo wataalamu wanaozitumia kwa hiari yao. Majaribio ya programu ya kulipia yanamfaa zaidi mtu anayeweza kuinunua, au anayetaka kuajiriwa mahali ambapo programu hiyo ndiyo inayotumika.

Hatua ya pili: soma masharti kabla ya kutoa jina lako

Jambo la kwanza la kuangalia ni kama utatakiwa kuweka namba ya kadi ya benki. Majaribio yasiyodai kadi huisha yenyewe na kukuachia programu isiyofunguka, na hapo hakuna hasara. Majaribio yanayodai kadi hugeuka kuwa usajili wa kulipia siku ya mwisho inapopita, bila kukuuliza tena. Angalia pia ni mpango gani utakaoanza baada ya hapo, kwa sababu mpango wa mwaka unaolipwa kwa awamu za kila mwezi haufanani na mpango wa mwezi hadi mwezi: ule wa kwanza ni mkataba wa miezi 12, na kuuvunja katikati kunaweza kukutoza ada, ilhali bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa inaonesha malipo ya mwezi mmoja tu.

Jambo la pili ni kilichofungwa. Baadhi ya programu za majaribio huzuia kuhifadhi kazi, nyingine hubandika nembo ya kampuni juu ya video unayoitoa, na nyingine hukuachia kila kitu. Nembo juu ya video inavumilika, kwa kuwa lengo lako ni kupima. Kutoweza kuhifadhi ni tatizo kubwa zaidi, maana uhuishaji haukamiliki kwa mkao mmoja, na programu usiyoweza kuifungua kesho na kuendelea ulipoishia haijakupa nafasi ya kuipima.

La tatu, ambalo husahauliwa zaidi, ni toleo unalopewa. Harmony huuzwa katika ngazi tatu, Essentials, Advanced na Premium, na uwezo wake hutofautiana sana. Clip Studio Paint, programu ya kuchora na kuhuisha, huuzwa kwa toleo la PRO na la EX, na toleo la PRO huishia fremu 24 (fremu ni picha moja moja zinazounda mwendo) kwa uhuishaji mmoja, kiasi ambacho kwa kasi ya kawaida ya sinema ni sekunde moja tu. Mtu akijaribu toleo la juu kisha akanunua la chini, anaweza kugundua kuwa zana aliyoipenda imebaki upande wa pili wa ukuta. Andika pembeni ni toleo gani unalolijaribu na ni lipi unaloweza kulinunua, na kila unapotumia zana mpya hakikisha ipo katika toleo hilo la pili.

Hatua ya tatu: pima kompyuta yako

Fungua ukurasa wa mahitaji ya programu na uulinganishe na kompyuta uliyonayo: mfumo wa uendeshaji na toleo lake, ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kadi ya michoro, na nafasi iliyobaki kwenye diski. Moho na Harmony hutumika kwenye Windows na macOS, ilhali Blender na Krita zinapatikana pia kwenye Linux. RAM ya gigabaiti 8 inaweza kukutosha kwa mazoezi madogo ya michoro bapa, lakini 16 ndizo zitakazokuwezesha kufanya kazi bila kusubiri kila unapocheza mwendo. Usitegemee mahitaji ya chini kabisa yaliyoandikwa na kampuni, kwani hayo ni ya kuifanya programu ifunguke, na hayakuahidi kwamba itakwenda kwa wepesi.

Kama una tableti ya kuchorea, sakinisha draiva yake (programu ndogo inayoiwezesha kuwasiliana na kompyuta) sasa na uijaribu katika programu yoyote ya kuchora uliyonayo, ukihakikisha kwamba mstari unanenepa unapokandamiza kalamu na kuwa mwembamba unapoilegeza. Tableti isiyoitikia mkandamizo ni tatizo linaloweza kukumaliza jioni nzima, na ni bora jioni hiyo isiwe ya majaribio. Kwa njia ya vipande unaweza kuanza kwa kipanya pekee. Kwa njia ya kuchora kila picha, kipanya kitakutesa, na unaweza kuilaumu programu kwa kosa lisilo lake.

Hatua ya nne: tayarisha kazi kabla saa haijaanza kuhesabu

Chagua kazi moja ndogo ya sekunde kumi. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, sekunde kumi ni fremu 240, na hata ukiuacha kila mchoro ukae kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi ya wahuishaji wengi, bado ni michoro 120. Hesabu hiyo humshtua anayeanza, na inafaa imshtue mapema, kwa sababu wengi huingia wakiwa na hadithi ya dakika tano kichwani.

Hadithi iwe ya mhusika mmoja, mahali pamoja, na tendo moja lenye mwanzo na mwisho: mtu anaona kitu, anakisogelea, kinamshangaza, anasema neno. Ichore kwenye karatasi katika visanduku sita au vinane, kila kisanduku kikionesha pozi moja, na chini yake uandike sekunde ambazo pozi hilo litachukua. Mchore mhusika kwa mistari michache, akiwa amesimama mbele na ubavuni. Kila kifungo cha shati, kila mkunjo wa nywele na kila ua la kitambaa utakalomwekea leo utalazimika kulichora tena mara 120.

Rekodi pia sauti. Simu inatosha, katika chumba kisicho na mwangwi. Hifadhi rekodi hiyo kwa muundo wa WAV, ambao programu za uhuishaji huupokea bila taabu. Kisha tengeneza folda moja kwenye kompyuta, na ndani yake uweke picha za visanduku, michoro ya mhusika, sauti, na folda tupu ya video utakazotoa. Folda hiyo ikijaa, hapo ndipo uangalie kalenda na kutafuta siku ambazo utapata walau saa moja kila siku. Siku 21 ambazo kumi kati yake uko safarini ni siku 11.

Hatua ya tano: jisajili, pakua na usakinishe

Pakua programu kutoka kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, usiichukue kwenye tovuti za watu wengine zinazotoa faili ileile zikiwa zimeongezewa mambo yao, na usishawishike na matoleo yaliyovunjwa kufuli, kwani hayo hubeba virusi mara nyingi. Tumia anwani ya barua pepe unayoifungua kila siku, maana ujumbe wa kuthibitisha akaunti na wa kukumbusha mwisho wa majaribio utapitia huko. Nenosiri liwe jipya, lisilotumika kwingine.

Mara tu baada ya kuthibitisha akaunti, na kabla ya kufungua programu, weka vikumbusho viwili kwenye simu: kimoja siku tatu kabla ya mwisho, kwa ajili ya kutoa kazi zako, na kingine siku mbili kabla ya mwisho, kwa ajili ya kusitisha usajili kama ulitoa kadi. Usikiweke hicho cha pili siku yenyewe ya mwisho, kwa sababu saa ya kampuni inaweza kuwa inafuata majira ya nchi nyingine na siku yako ya mwisho ikawa imekwisha tangu asubuhi.

Faili ya kusakinisha inaweza kuwa kubwa, kwa hiyo anza kuipakua ukiwa na intaneti ya uhakika. Usakinishaji wenyewe hauna mengi: kubali mapendekezo ya programu, anzisha kompyuta upya ukiombwa, kisha ingia kwa akaunti yako.

Hatua ya sita: saa ya kwanza ndani ya programu

Programu itakuuliza ukubwa wa picha na kasi ya fremu kabla haijakupa turubai. Usipite hapo haraka. Kwa ukubwa, 1920 kwa 1080 pikseli unatosha kwa video ya kulala, na 1080 kwa 1920 kwa video ya kusimama inayotazamwa kwenye simu. Kwa kasi, chagua fremu 24 kwa sekunde, kiwango kilichokubalika katika sinema tangu sauti ilipoanza kuambatana na picha mwishoni mwa miaka ya 1920. Ukubwa wa picha unaweza kurekebishwa baadaye kwa taabu kidogo, lakini kasi ya fremu ni msingi wa nyumba: ukihuisha tendo la fremu 24 likachukua sekunde moja, kisha ukabadilisha kasi kuwa 12, tendo lilelile litachukua sekunde mbili na sauti yako yote itaachana na midomo.

Baada ya hapo utakutana na dirisha lililojaa vidirisha. Hutahitaji kuvijua vyote, na mwenye busara hatajaribu. Tafuta vitu vinne. Cha kwanza ni turubai, yaani eneo la kuchorea. Cha pili ni mstari wa muda, ambao kwa kawaida uko chini, na ambao unazipanga fremu kutoka kushoto kwenda kulia. Cha tatu ni matabaka, ambayo ni kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mandhari chini na mhusika juu, ili ufute mkono bila kufuta ukuta ulio nyuma yake. Cha nne ni zana za kuchora na kuchagua.

Ndani ya kitu hicho cha nne kuna jambo linalostahili kuelezwa. Brashi za programu hizi ni za aina mbili: za vekta na za bitimapu. Mstari wa vekta huhifadhiwa kama hesabu za nukta na mikunjo, kwa hiyo unaweza kuukuza mara kumi ukabaki na makali yake, na unaweza kuushika na kuupinda baada ya kuuchora. Mstari wa bitimapu huhifadhiwa kama vijiraba vya rangi, hivyo hubeba ukwaruzo wa penseli na unyevu wa rangi ya maji vizuri zaidi, lakini ukikuzwa hufifia. Chora mstari uleule kwa brashi zote mbili na uutazame kwa karibu. Hisia ya mkono wako hapo ni sehemu ya jibu unalolitafuta, na hakuna makala itakayokupa.

Maliza saa ya kwanza kwa kuwasha uwezo wa kuona michoro ya jirani, ambao menyu nyingi huuita onioni skini. Ukiuwasha, mchoro uliotangulia na unaofuata huonekana kama vivuli vya rangi hafifu chini ya ule unaouchora, kama karatasi nyepesi zilizolazwa juu ya taa. Bila vivuli hivyo, unachora ukiwa umefumba macho.

Hatua ya saba: mpira unaodunda

Zoezi hili linaonekana la kitoto, na ndilo nililolipitia mara nyingi kuliko yote. Linapima karibu kila kitu kwa wakati mmoja: brashi, mstari wa muda, vivuli, kucheza mwendo kwa marudio, na subira yako.

Chora mstari wa ardhi kwenye tabaka la chini. Juu yake, kwenye tabaka jipya, utachora mpira mara 12, kila mchoro ukikaa kwa fremu mbili, ili mzunguko mzima uchukue fremu 24. Weka alama ya kimo cha juu ambapo mpira unaanzia, kisha ugawe umbali kutoka hapo hadi ardhini katika sehemu 36 zilizo sawa. Fremu ya 1 mpira uko juu kabisa. Fremu ya 3 umeshuka sehemu 1, fremu ya 5 sehemu 4, fremu ya 7 sehemu 9, fremu ya 9 sehemu 16, fremu ya 11 sehemu 25, na fremu ya 13 sehemu zote 36, yaani umegusa ardhi. Namba hizo ni mraba wa 1, 2, 3, 4, 5 na 6, kwa sababu kitu kinachoanguka huongeza kasi, na umbali wake kutoka mwanzo hukua kwa mraba wa muda. Kupanda ni kinyume chake: fremu ya 15 mpira uko chini ya kilele kwa sehemu 25, kisha 16, kisha 9, kisha 4, na fremu ya 23 sehemu 1. Fremu ya 25 ingekuwa sawa na ya 1, kwa hiyo haichorwi. Programu inarudi mwanzo.

Cheza mwendo huo kwa marudio. Utaona mpira ukielea kidogo kileleni, mahali ambapo michoro imekaribiana, na ukichapuka karibu na ardhi, mahali ambapo imeachana. Kwa anayependa hesabu, nusu sekunde ya kuanguka ni takribani mita 1.2, kwa hiyo umechora mpira ulioachiwa kutoka usawa wa kifua cha mtu mzima. Sasa rudi kwenye fremu ya 13 na uubonyeze mpira uwe bapa kidogo, na fremu za 11 na 15 uurefushe kufuata njia yake. Chunga ujazo usibadilike: ukiupunguza kimo, uongeze upana, la sivyo utaonekana kama puto linalojazwa na kutolewa pumzi. Cheza tena. Mpira uliokuwa wa jiwe sasa ni wa raba, na umebadilisha michoro mitatu tu.

Wakati unafanya hayo, andika kinachokuudhi. Ni vibofyo vingapi kuongeza fremu? Je, kalamu inachelewa nyuma ya mkono? Je, unaweza kusogeza mchoro kutoka fremu moja hadi nyingine bila kutafuta menyu? Maudhi madogo katika michoro 12 yatakuwa mateso katika michoro 120.

Hatua ya nane: mkono unaopunga

Kama umechagua programu ya vipande, zoezi la mpira lifuatiwe na mkono. Chora bega hadi kiwiko katika tabaka moja, kiwiko hadi kifundo katika la pili, na kiganja katika la tatu, kila kipande kikiwa na ncha ya mviringo inayoingia chini ya jirani yake, ili kiungo kisifunguke kinapokunjwa. Kisha weka egemeo la kila kipande, yaani nukta ambayo kipande huizunguka, katikati ya kiungo chake. Kosa la egemeo ndilo linaloufanya mkono uonekane umetenguka, na wengi hulitafuta kwenye mifupa wakati liko kwenye nukta moja iliyowekwa pembeni. Mwishowe fungamanisha: kiganja kimfuate mkono wa chini, na mkono wa chini uufuate mkono wa juu.

Weka fremu kuu (zile unazozipanga mwenyewe), ya kwanza mkono ukiwa chini, ya pili kwenye fremu ya 13 ukiwa juu, kisha uzungushe kiganja kushoto na kulia kila baada ya fremu 6 hadi sekunde ya pili. Programu itajaza fremu za kati yenyewe, na baadhi ya programu huzijaza kwa kasi isiyobadilika, kama roboti, isipokuwa uirekebishe mikunjo ya mwendo, yaani mistari inayoonesha jinsi kasi inavyobadilika, ili mwendo uanze na kuisha polepole. Jinsi programu inavyokuruhusu kuirekebisha mikunjo hiyo ni tofauti kubwa kati ya programu ya bei ndogo na ya bei kubwa, hivyo tumia muda hapo.

Hatua ya tisa: sauti na midomo

Ingiza ile rekodi ya WAV kwenye mstari wa muda na uhakikishe unaweza kuisikia unapoburuta kipanya juu ya fremu, si unapocheza tu, kwani hivyo ndivyo utakavyojua neno linaangukia fremu ipi. Programu kadhaa hudai kusoma sauti na kupanga midomo zenyewe. Zijaribu, lakini usitegemee matokeo kwa maneno ya Kiswahili bila kuyapitia kwa jicho.

Habari njema ni kwamba Kiswahili kinamhurumia mhuishaji. Irabu zetu ni tano na kila moja ina umbo lake la mdomo. Ongeza mdomo uliofumba kwa m, b na p, na meno yaliyogusa mdomo wa chini kwa f na v, na tayari una maumbo saba yanayotosha kwa sentensi nyingi. Konsonanti nyingine hupita haraka mno kustahili mchoro wake. Ila usiache kamwe kuufumba mdomo kwenye m, hata kama ni kwa fremu mbili tu, maana mtazamaji husamehe irabu iliyokosewa lakini hamsamehe mhusika anayesema "mama" mdomo ukiwa wazi.

Hatua ya kumi: toa video mapema

Usisubiri kazi ikamilike. Siku ileile mpira ulipodunda, utoe kama video ya MP4 yenye msimbo wa H.264 (njia ya kubana video), uitazame kwenye simu, na uone kama rangi, kasi na ukubwa vimebaki vilevile. Kisha uutoe tena kama mfuatano wa picha za PNG, faili moja kwa kila fremu. Njia hii ya pili ina faida mbili: PNG huhifadhi uwazi wa usuli, jambo ambalo MP4 ya kawaida haliwezi, na kompyuta ikizimika katikati ya fremu 240 unaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya.

Jaribu pia kuihamisha kazi yenyewe. Nakili mradi wako kwenda kwenye folda nyingine au diski ya nje, kisha uufungue kutoka huko. Tukio moja la Harmony, kwa mfano, si faili moja bali ni folda nzima, ambamo faili yenye kiambishi cha xstage hushikilia mpangilio na michoro yenyewe hukaa katika folda ndogo pembeni yake. Anayenakili ile faili moja tu huondoka na tukio lisilo na michoro. Blender kwa upande wake hukusanya mengi ndani ya faili moja ya blend, ingawa picha na sauti za nje hubaki nje usipoziagiza ziingizwe.

Hatua ya kumi na moja: siku tatu za mwisho

Kikumbusho cha kwanza kikilia, acha kuchora kitu kipya. Toa kila zoezi na ile kazi ya sekunde kumi, hata kama haijaisha, kwa MP4 na kwa PNG. Kwa programu za vipande, toa kila kiungo cha mhusika kama PNG yenye usuli wazi, ili uweze kumjenga upya katika programu nyingine bila kumchora tena. Faili za mradi zihifadhi vilevile, lakini ujue kwamba majaribio yakiisha hutazifungua mpaka ununue.

Kisha soma ile orodha ya maudhi uliyoiandika tangu siku ya mpira. Yagawe mafungu mawili: yale yaliyopungua kadiri mikono ilivyozoea, na yale yaliyobaki palepale. Fungu la kwanza lilikuwa ugeni wako. Fungu la pili ndilo programu yenyewe, na ndilo utakalolilipia kila mwezi. Kama ni fupi, na zana ulizotumia zipo katika toleo unaloweza kulinunua, linganisha usajili wa mwezi hadi mwezi na leseni ya kudumu pale inapotolewa, kama ilivyo kwa Moho. Kama ni refu, usiongeze muda kwa kufungua akaunti nyingine yenye barua pepe tofauti. Mbali na kuvunja masharti, utakuwa unaipa nafasi ya pili programu ambayo mkono wako umekwisha kuikataa.

Ukiamua kuacha, na ulitoa kadi, sitisha usajili kupitia ukurasa wa akaunti, si kwa kufuta programu kwenye kompyuta, kwa sababu kampuni haijui na haijali kama umeifuta. Subiri barua pepe ya uthibitisho na uipige picha ya skrini. Siku inayofuata tarehe ya mwisho, angalia taarifa ya kadi yako mara moja, kisha ndipo uiondoe programu kwenye diski na kuirudishia kompyuta nafasi yake.